Uzalendo wa gari uanzie kwenye maegesho ya serikali

Wiki chache zilizopita, katika semina yangu ya uchumi wa kisiasa, mwanafunzi mmoja alisimama na kutoa hotuba nzuri juu ya uzalendo wa kununua. Alisema Watanzania tuna ugonjwa wa kupenda vya wageni, na kwamba hatutakuwa na kiwanda cha magari cha kueleweka mpaka siku tutakapokuwa tayari kununua gari letu wenyewe hata likiwa na kasoro. Akahitimisha kwa methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Makofi yakapigwa. Kabla hayajatulia, binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Samahani Mwalimu, lile gari lako pale nje ni mbacha au ni msala?"

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao, kwa sababu gari langu ni Toyota iliyozunguka barabara za Japani kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Sikumjibu vizuri siku ile. Nilisema jambo la juujuu kuhusu utandawazi, tukaendelea na mada. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa, yeye pamoja na mwenzake aliyetoa hotuba.

Hoja yangu ni moja. Mjadala wa gari la ndani na gari la nje tumeuelekeza kwa mtu asiyehusika. Tunamhubiria uzalendo mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi na mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo, huku mnunuzi mkubwa kuliko wote, anayenunua kwa fedha ambazo si zake na kwa vigezo anavyojiandikia mwenyewe, akiachwa apite kimya kimya. Mnunuzi huyo ni dola.

Tuanze na mwananchi, maana ndiye anayelaumiwa. Ni kweli kwamba nchi yetu ni nchi ya Toyota iliyotumika. Simama dakika kumi katika makutano yoyote ya Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya uhesabu IST, Vitz, Noah na Hiace. Lakini anayenunua IST hajakataa gari la Kitanzania. Hakuna gari dogo la abiria la Kitanzania lililopo yadi likimsubiri. Huwezi kumshitaki mtu kwa kuacha mbacha wake ikiwa mbacha wenyewe haujasukwa. Alichofanya ni hesabu: gari lipi fundi wa mtaani kwake analijua, lipi vipuri vyake vinapatikana Gerezani leo hii, na lipi ataweza kuliuza mtoto akifaulu kwenda chuo na ada ikakosekana. Hiyo ni akili ya mtu anayeishi kwa mshahara.

Tena mtu huyu tayari anatozwa, na anatozwa sana. Tuchukue gari dogo lenye injini ya cc 1,500, la zaidi ya miaka kumi, ambalo thamani yake pamoja na usafirishaji na bima mpaka bandarini ni shilingi milioni 10. Kwa viwango tulivyovizoea miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Juu ya jumla hiyo ya milioni 12.5 unakuja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 na ule wa uchakavu wa asilimia 30; hivyo viwili pamoja ni karibu milioni 4.4. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 juu ya vyote hivyo, milioni 3 nyingine. Kabla ya tozo ndogondogo na usajili, gari la milioni 10 limekuwa gari la karibu milioni 20. Mwananchi amenunua gari moja na kulipia mawili.

Tunaambiwa kodi hizo zina sababu njema: kulinda mazingira, kuzuia nchi isiwe jalala la vyuma chakavu, kulinda viwanda vya ndani. Nakubali sababu zote tatu kwa maneno. Ninachouliza ni hiki: ukuta uliojengwa kulinda kiwanda, ndani yake kuna kiwanda gani? Ukuta usiozunguka nyumba kazi yake ni kumzuia mpita njia tu. Kodi ya kulinda viwanda isiyoambatana na mpango wa viwanda ni chanzo cha mapato ya Hazina tu, basi. Tuiite kwa jina lake, tusiivishe joho la uzalendo.

Sasa tumgeukie mnunuzi wa pili. Huyu hauzi shamba ili anunue gari, wala hakopi benki. Magari yake tunayajua kwa namba: STK ya serikali, SU ya mashirika ya umma, na mengine ya miradi ya wafadhili. Na tunayajua kwa jina ambalo wananchi wenyewe walilibuni kwa kejeli isiyohitaji ufafanuzi: mashangingi. Mwananchi akitafuta gari, huuliza linakula mafuta kiasi gani. Ofisi ya umma ikitafuta gari, mara nyingi swali la kwanza ni linamstahili mkubwa gani. Hapo ndipo mjadala wetu wa uzalendo ulipaswa kuanzia, na hapo ndipo hauingii.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua kwamba ununuzi huamuliwa mapema sana, kabla ya bahasha za zabuni kufunguliwa. Huamuliwa siku vigezo vya kiufundi vinapoandikwa. Ukiandika kwamba gari liwe na injini isiyopungua ukubwa fulani, viti vya aina fulani na mifumo ambayo kampuni moja au mbili tu duniani ndizo zinazo, huhitaji kutaja jina la kampuni. Umekwisha kulitaja. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazungumzia upendeleo kwa bidhaa na kampuni za ndani. Sheria hiyo haimsaidii fundi wa Kibaha ikiwa kigezo kilichoandikwa ofisini kimekwisha kumfungia mlango.

Nataka sasa kusimulia historia fupi ya gari hilohilo linalopendwa na wakubwa wetu, kwa sababu ndiyo hoja yenyewe. Miaka ya 1920 Ford na General Motors zilikuwa na viwanda vya kuunganisha magari nchini Japani, na ndizo zilizotawala soko. Mwaka 1936 Japani ilitunga sheria iliyohodhi utengenezaji wa magari kwa kampuni zilizomilikiwa zaidi na Wajapani, na haikupita miaka mingi kampuni hizo mbili za Kimarekani zikaondoka. Baada ya vita kuu, mwaka 1950, Toyota ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Wafanyakazi waligoma na mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Kilichoiokoa ni oda za malori za jeshi la Marekani katika Vita vya Korea. Hakikuwa kipaji cha soko huria.

Mwaka uliofuata, 1951, kikosi cha akiba cha polisi cha Japani kilihitaji gari la milimani. Toyota ikatengeneza sampuli, ikaipandisha mlima Fuji hadi kituo cha sita ili ionekane. Zabuni hiyo ya kwanza ikaenda kwa gari la asili ya Kimarekani, lakini polisi wa Japani baadaye wakalichukua la Toyota kwa kazi ya doria. Mwaka 1954 gari hilo likapewa jina jipya: Land Cruiser.

Shangingi ni mtoto wa mahitaji ya serikali. Lilizaliwa kwa sababu kulikuwa na ofisi ya umma iliyohitaji gari na kampuni ya nyumbani iliyojua kwamba ofisi hiyo inaweza kununua kwake. Sisi tumelipokea gari na kuukataa utaratibu uliolizaa. Sisemi tuige Japani ya miaka ya 1930, ambayo nyuma ya sheria zake za viwanda lilisimama jeshi lililokuwa likijiandaa kuvamia majirani. Nasema tu kwamba anayepanda Land Cruiser kwenda kwenye kongamano la kutufundisha kwamba serikali haina kazi katika viwanda, amepanda ushahidi wa kinyume chake.

Wapo watakaosema Afrika haiwezi. Nao nina neno nao, kwa sababu kambi ya wenye dhihaka imetuumiza sawa na kambi ya wenye mahubiri. Kibaha kulikuwa na kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania. Hapohapo Kibaha lipo Nyumbu, shirika la utafiti wa magari lililo chini ya wizara ya ulinzi, lililoundwa rasmi mwaka 1985 kutokana na mradi wa enzi za Mwalimu Nyerere. Wahandisi wake walitengeneza gari la mizigo, wakalitembeza. Halikuvuka kutoka kwenye sampuli kwenda kwenye uzalishaji wa wingi. Kila tunapopita Kibaha tunalikumbuka kama kichekesho au kama huzuni, ilhali tulipaswa kulikumbuka kama swali: ni wizara ngapi, mikoa mingapi, halmashauri ngapi ziliwahi kuliagiza?

Majirani zetu nao wana somo. Mwaka 1986 Rais Moi aliitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, hata likiwa na sura mbaya na mwendo mdogo. Wasomi wakatengeneza, mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa kwa taifa. Zikabaki sampuli tano, na shirika lililoundwa kuyazalisha likaishia kubadilishwa jina na kazi. Amri ilikuwapo, sherehe ilikuwapo, oda haikuwapo. Miaka mingi baadaye kampuni binafsi ya Mobius ikaja na gari la bei nafuu kwa barabara mbovu, lakini kwa bei yake mnunuzi wa kawaida angeweza kupata gari la Kijapani lililotumika lenye starehe zaidi. Agosti 2024 ikatangaza kufungwa, kabla ya kupatikana mnunuzi wa kuichukua. Mobius iliachwa imtegemee mwananchi mmoja mmoja, na nimekwisha kueleza kwa nini mwananchi mmoja mmoja hawezi kubeba mzigo huo.

Uganda imekwenda njia nyingine. Mwaka 2011 wanafunzi na wahadhiri wa Makerere waliendesha gari dogo la umeme, Kiira EV. Serikali haikuishia kupiga picha. Ikaunda kampuni ya Kiira Motors, ikaiwekea mtaji, na kampuni ikaelekeza nguvu kwenye mabasi na kiwanda cha Jinja. Sijui kama itafaulu, wala siipigii ramli. Lakini angalia hekima ya kuchagua basi. Basi hununuliwa na miji, taasisi na kampuni, kwa makumi, kwa mkataba. Sisi tulikuwa na nafasi hiyohiyo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016 yalitoka China. Oda kubwa kama ile ingeweza kuambatanishwa na sharti kwamba sehemu ya bodi itengenezwe hapa, katika nchi yenye mafundi waliounda bodi za mabasi ya mikoani kwa miaka mingi. Yalikuja yamekamilika, tukakata utepe.

Nazifahamu pingamizi, na baadhi ni za haki.

Ya kwanza ni kwamba kuunganisha si kutengeneza. Kufunga boliti za vipande vilivyoletwa kwenye makontena si viwanda. Kweli, ikiwa tutaishia hapo. Hyundai ilianza mwaka 1967, na gari lake la kwanza lilikuwa Ford Cortina iliyounganishwa Korea Kusini. Pony, lililofuata katikati ya miaka ya 1970, lilichorwa na Mtaliano na injini yake ilikuwa ya Mitsubishi. Tofauti ya Wakorea ni kwamba walipewa ratiba na wakabanwa wauze nje, huku magari ya Japani yakizuiwa kuingia kwao mpaka mwaka 1999. Anayeanza kwa kuunganisha haibiki. Aibu ni ya anayeunganisha boliti zilezile kwa miaka thelathini.

Ya pili ni kwamba ulinzi huzaa uvivu. Hii ndiyo pingamizi ninayoiheshimu kuliko zote. Malaysia iliianzisha Proton mwaka 1983, ikaikinga kwa kodi kubwa juu ya magari ya nje kwa miongo kadhaa, na mwaka 2017 asilimia 49.9 ya kampuni hiyo ikauzwa kwa Geely ya China. Na sisi wenyewe tuna kumbukumbu ya karibu: matrekta ya Ursus yaliyounganishwa Kibaha kwa teknolojia ya Poland, mradi uliokwama huku wakulima wakilalamika. Kwa hiyo sitetei kiwanda kupewa mkate wa bure. Natetea oda yenye masharti na yenye tarehe ya kwisha. Asiyefikia kiwango kwa wakati anakosa oda inayofuata, awe wa umma au wa binafsi, awe ana mjomba wizarani au hana.

Ya tatu ni kwamba nchi yetu ina barabara ngumu na mtumishi hawezi kufika Ludewa au Longido kwa gari la majaribio. Nakubali kabisa kwa bwana mifugo, kwa mganga wa wilaya na kwa mama mjamzito anayesubiri gari la wagonjwa. Lakini shangingi linaloshinda kwenye foleni ya Dar es Salaam au likipoza viyoyozi nje ya ukumbi wa mikutano Dodoma linapambana na barabara gani ngumu? Tena huko kwenye barabara ngumu ndiko tulikothibitisha uwezo wetu. Nenda Arusha ukaone karakana zinazokata Land Cruiser, kurefusha chasisi, kubadilisha bodi na kuweka paa la kufunguka ili mtalii amwone simba. Mikono inayofanya hivyo kwa ajili ya mtalii haishindwi kutengeneza bodi ya gari la wagonjwa kwa ajili ya zahanati ya Nkasi.

Ninachodai, basi, ni mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mjumbe kutoka Washington.

Kwanza, kila wizara, wakala na halmashauri itangaze kila mwaka magari iliyonayo: aina, bei ya kununulia, mafuta na matengenezo. Fedha ni yetu. Orodha nayo iwe yetu.

Pili, serikali ijumlishe mahitaji yake ya miaka kumi na kuyatangaza mapema, ikianza na vyombo tunavyoweza: bodi za magari ya wagonjwa, magari ya taka, mabasi ya shule na vyuo, pikapu za maofisa ugani. Mwekezaji hajengi kiwanda kwa sababu ya hotuba. Hujenga anapoona oda.

Tatu, kila oda iwe na kiwango cha vipuri vya ndani kinachopanda mwaka hadi mwaka, kipimwe na wahandisi wanaojitegemea, na matokeo yachapishwe ili Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na mwananchi wa kawaida waweze kuyasoma.

Nne, vigezo vya magari ya viongozi viandikwe upya kwa kuangalia kazi, cheo kiwekwe kando. Kiongozi anayetutaka tuvumilie kasoro za bidhaa changa na awe wa kwanza kuzivumilia.

Wanafunzi wangu, mtakapokutana na mhubiri wa uzalendo wa kununua, msimzomee. Mwulizeni amefika jukwaani kwa gari gani. Wanaharakati, bajeti za halmashauri zinasomeka. Anzeni na fungu la magari. Nanyi watumishi wa umma, wengi wenu mliopita darasani kwangu, siku mtakapopewa kazi ya kuandika vigezo vya zabuni, kumbukeni kwamba kalamu hiyo ina nguvu kuliko kampeni zote za nunua cha nyumbani. Najua kukataa kuandika kile bosi anachokitaka kuna gharama. Najua pia ni nani anayelipa gharama msipokataa.

Na wewe binti uliyekaa nyuma, gari langu ni msala, tena msala uliochakaa, na niliulipia kodi inayokaribia bei yake. Siku mkurugenzi wa halmashauri yangu atakaposhuka kwenye gari lililosukwa Kibaha, bila king'ora na bila kuona haya, njoo ofisini kwangu. Nitakuwa nimekwisha kutafuta mteja wa Toyota yangu.